Namna ya Kuusoma Mkakati wa Usalama wa Taifa wa Marekani Kuhusu China

Kila Ikulu ya Marekani inapotoa Mkakati wa Usalama wa Taifa, habari yake huvuma kwetu kwa siku mbili: Marekani imeitaja China, China imejibu kwa ukali, kisha kimya. Waraka wenyewe haufunguliwi na mtu. Huo ni upotevu mkubwa, kwa sababu waraka unapatikana bure, lugha yake si ngumu, na mambo mengi yanayotufikia baadaye kama habari za ghafla, yawe mkopo wa reli, marufuku ya vifaa vya kampuni fulani au ziara ya waziri ambayo hakuna aliyeitarajia, huwa yamekwisha kudokezwa humo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwandishi wa habari, mwalimu, mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa na msomaji mwingine yeyote anayetaka kuusoma waraka huo mwenyewe badala ya kusimuliwa. Nimezisoma nyaraka hizi kwa miaka mingi katika kazi ya kutafsiri habari, na nimeridhika kwamba haziwezi kueleweka moja moja. Kila mkakati husomwa ukiwa kando ya ule uliotangulia, na kando ya fedha na kanuni zilizoufuata.

Jua kwanza unasoma nini

Waraka huu unatokana na sheria ya mwaka 1986 iitwayo Goldwater-Nichols, iliyomtaka rais awasilishe bungeni kila mwaka maelezo ya jinsi anavyokusudia kuilinda nchi. Wa kwanza ulitolewa mwaka 1987, wakati wa Ronald Reagan. Kwa vitendo sharti la kila mwaka halifuatwi. George W. Bush alitoa mwaka 2002 na 2006, Barack Obama mwaka 2010 na 2015, Donald Trump Desemba 2017, Joe Biden Oktoba 2022, na Trump tena Desemba 2025. Usiuchanganye na Mkakati wa Ulinzi wa Taifa, ambao hutolewa na Wizara ya Ulinzi na huzungumzia majeshi, wala na ripoti ya kila mwaka ambayo wizara hiyohiyo huipeleka bungeni kuhusu nguvu za kijeshi za China. Wa Ikulu ndio mama, na hizo nyingine zinapaswa kuufuata.

Kumbuka pia kwamba waraka huu umeandikwa ili usomwe hadharani. Wabunge wanausoma kabla ya kupitisha bajeti, washirika kama Japani na Australia wanausoma ili wajue kama wataachwa peke yao, na Beijing inausoma neno kwa neno. Haikuwa hivyo daima. Mkakati mashuhuri wa Vita Baridi, unaojulikana kama NSC-68, ulikamilishwa Aprili 1950 ukiwa siri, na wananchi hawakuuona hadi mwaka 1975. Rais Truman hakuuidhinisha mara moja, kwani gharama zilimtia wasiwasi. Vita vya Korea vilipozuka Juni mwaka huo, aliukubali, na bajeti ya ulinzi ikapanda zaidi ya mara tatu kwa muda mfupi. Historia hiyo ina funzo kwa msomaji wa leo: maandishi peke yake hayakuhamisha fedha, bali tukio ndilo lililoyapa nguvu. Kwa hiyo unapousoma mkakati wowote, jiulize ni tukio gani, likitokea, litakaloufanya utekelezwe kwa ukamilifu. Kwa mkakati kuhusu China, tukio hilo karibu kila mara ni vita juu ya Taiwan, kisiwa kinachojitawala ambacho China inadai ni chake.

Ziweke nyaraka mezani na ufuate sentensi moja

Hatua hii ndiyo yenye manufaa kuliko zote, na haihitaji utaalamu. Zikusanye nyaraka za 2002, 2006, 2015, 2017, 2022 na 2025. Usianze na dibaji ya rais, kwa kuwa dibaji huandikwa kwa ajili ya magazeti. Tafuta katika kila waraka ile sentensi moja inayoeleza Marekani inaitakia China nini, uiandike katika daftari chini ya mwaka wake, kisha usome daftari lako kutoka juu hadi chini.

Utaona hivi. Mwaka 2002, mwaka mmoja tu baada ya mashambulizi ya Septemba 11 na miezi michache baada ya China kuingia katika Shirika la Biashara Duniani, waraka unasema Marekani inakaribisha kuibuka kwa China yenye nguvu, amani na ustawi. Mwaka 2006 sauti inabadilika kidogo: Marekani inataka kuihimiza China ifanye uchaguzi sahihi, na wakati huohuo inajikinga endapo mambo yatakwenda kombo. Neno hilo la kujikinga ni dogo, lakini litie alama, kwa maana ndipo mashaka yalipoanza kuandikwa. Mwaka 2015 Obama bado anakaribisha kuinuka kwa China iliyo tulivu, yenye amani na ustawi, na anakataa wazo kwamba makabiliano hayaepukiki, ingawa anakiri kwamba ushindani utakuwepo. Ukiilinganisha sentensi hiyo na ile ya 2002, utagundua kwamba kivumishi kimoja kimeondoka: China yenye nguvu haipo tena, mahali pake pamekaa China tulivu. Sijui msomaji mwingine ataichukuliaje tofauti hiyo, lakini kwangu ni vigumu kuamini kwamba maofisa wanaopima kila neno waliibadilisha bila kukusudia.

Kisha inakuja Desemba 2017, na hapo daftari lako linapasuka katikati. Waraka wa Trump unaziita China na Urusi mataifa yanayotaka kuupindua mpangilio uliopo, unadai kwamba China inataka kuiondoa Marekani katika eneo la Bahari ya Hindi na Pasifiki, na unafanya jambo ambalo serikali hufanya kwa nadra sana: unasema kwamba sera ya miongo miwili iliyopita ilijengwa juu ya dhana isiyo sahihi. Dhana yenyewe ilikuwa kwamba kushirikiana na wapinzani, na kuwaingiza katika biashara na taasisi za kimataifa, kungewageuza kuwa wabia wa kuaminika. Waraka unatamka kwamba kwa sehemu kubwa dhana hiyo imethibitika kuwa ya uongo. Mwezi uliofuata, Mkakati wa Ulinzi ulitangaza kwamba ushindani wa kimkakati baina ya mataifa, si ugaidi, ndio hangaiko kuu la usalama wa Marekani. Ukielewa aya hizo mbili za 2017 na 2018, umeelewa nusu ya kila kilichofuata.

Jaribio la kweli lilikuwa mwaka 2022. Biden alikuwa mpinzani mkubwa wa Trump, na wengi walitarajia kwamba angerudi kwenye lugha ya Obama. Hakurudi. Waraka wake wa kurasa 48 unaieleza China kuwa mshindani pekee mwenye nia ya kuubadilisha mpangilio wa dunia na ambaye uwezo wake wa kufanya hivyo, wa kiuchumi, kidiplomasia, kijeshi na kiteknolojia, unazidi kukua. Unasema pia kwamba Marekani haitafuti mgogoro wala Vita Baridi vipya. Na waraka wa 2025, pamoja na tofauti zake nyingi, unarudia hukumu ileile ya 2017 kwamba kuifungulia China masoko hakukuleta matokeo yaliyotumainiwa. Jambo linalodumu kupita marais wawili wa vyama vinavyochukiana ni sera ya taifa. Linalobadilika kila rais anapobadilika ni mtindo wake. Hiyo ndiyo faida ya daftari.

Neno la kumwita mpinzani

Hapa nina malalamiko ya muda mrefu, na ninayaeleza kwa sababu yanamhusu kila anayeandika Kiswahili. Mara nyingi nimesoma habari zetu zikisema kwamba Marekani imeitangaza China kuwa adui. Nyaraka hazisemi hivyo. Neno linalotumika mara kwa mara lina maana ya mshindani, yaani yule anayekimbia nawe katika mbio zilezile na ambaye unaweza kumshinda bila kumuua. Kiswahili kina ngazi za kutosha kwa kazi hii. Mshindani yuko sokoni au uwanjani. Mpinzani anasimama upande wa pili wa hoja au wa kura. Hasimu ana kinyongo nawe. Adui anataka uangamie. Mtu akitumia ngazi ya nne mahali waraka umetumia ya kwanza, amewapa wasomaji wake vita ambavyo havijatangazwa, na siku lugha ya waraka itakapopanda kweli hadi uhasama, hatakuwa na neno la kuwaonyesha kwamba kuna kilichobadilika.

Kuhesabu ni mara ngapi jina la China limetajwa ni kazi ya bure. Waraka wa 2025 unaonyesha sababu. Unaweka bara la Amerika mbele ya maeneo yote, na humo unazungumzia washindani wasiotoka katika eneo hilo ambao wasiruhusiwe kuweka majeshi wala kumiliki mali nyeti. Jina halikutajwa, lakini kila anayejua jinsi kampuni za Kichina zilivyojikita katika bandari, umeme na mawasiliano ya Amerika ya Kusini anaelewa ni nani anayeambiwa. Kwa hiyo tafuta sifa, si jina.

Fuata kanuni na fedha

Mkakati usio na fedha wala kanuni ni matumaini yaliyopigwa chapa. Ukimaliza kusoma, fungua kalenda na uangalie kilichotokea wiki chache kabla na baada ya waraka kutoka. Mfano bora ni wa Oktoba 2022. Waraka wa Biden ulitolewa tarehe 12. Siku tano kabla, tarehe 7, Wizara ya Biashara ilikuwa imetangaza kanuni zilizozuia kuiuzia China chipu za kompyuta za kiwango cha juu pamoja na mitambo ya kuzitengenezea, na zikawazuia hata raia wa Marekani kutoa utaalamu wao kwa viwanda hivyo bila kibali. Agosti mwaka huohuo ilikuwa imesainiwa sheria iliyotenga takribani dola bilioni 52 kwa ajili ya kuirudisha nyumbani tasnia ya chipu. Sheria, kanuni na waraka vyote vilitoka ndani ya miezi mitatu. Aliyesoma waraka peke yake aliona maneno mazito kuhusu teknolojia. Aliyesoma vyote vitatu aliona mpango.

Endelea na hatua moja mbele: angalia kama washirika walifuata. Waraka wa 2022 umejaa sifa za ushirikiano, na sifa hizo zilipimwa Uholanzi na Japani, kwa sababu mitambo muhimu ya kutengeneza chipu inatoka huko. Nchi zote mbili zilianza kutekeleza vizuizi vyao kati ya Julai na Septemba 2023. Hapo unaweza kuandika kwa uhakika kwamba sehemu hiyo ya mkakati ilifanya kazi.

Kisha soma jibu la upande wa pili, ambalo kwetu husahaulika. Kuanzia Agosti 2023 China iliweka masharti ya vibali kwa mauzo ya nje ya galiamu na jemaniamu, madini yanayohitajika katika vifaa vya elektroniki. Mwaka 2025, ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China ulipopandishwa hadi asilimia 145, China ilijibu kwa ushuru wa asilimia 125 na ikabana mauzo ya madini adimu ambayo viwanda vya magari na silaha vya Marekani haviwezi kuyakosa. Nchi hizo zilipunguza ushuru kwa makubaliano ya Geneva mwezi Mei, na mwishoni mwa Oktoba Trump na Rais Xi Jinping wa China walikutana Korea Kusini. Mkakati wa Desemba 2025 unaizungumzia China zaidi kama suala la uchumi, na sidhani kwamba mtu anaweza kuuelewa upole huo bila kuyakumbuka madini hayo. Siku chache baada ya waraka kutoka, Trump alitangaza kwamba ataruhusu chipu moja yenye nguvu ya kampuni ya Nvidia iuzwe China. Linganisha na Oktoba 2022: kule kanuni ilikaza kabla ya waraka kuzungumza, huku ruhusa ikalegeza mara tu wino ulipokauka. Vitendo vikipingana na waraka, andika kile kilichotendwa.

Kuhusu majeshi nitasema machache, kwa kuwa ndiyo sehemu inayoandikwa kuliko zote. Anza na ripoti ya mwaka ya Wizara ya Ulinzi, ambayo mwaka 2024 ilikadiria kwamba China ina vichwa vya nyuklia zaidi ya 600 vilivyo tayari kutumika. Kisha chukua ramani na uchore mstari kutoka Japani, kupitia Okinawa na Taiwan, hadi Ufilipino. Huo ndio mnyororo wa visiwa ambao nyaraka huurejelea, na ndio unaoeleza kwa nini mwaka 2023 kambi ambazo majeshi ya Marekani yanaruhusiwa kuzitumia nchini Ufilipino ziliongezwa kutoka 5 hadi 9.

Itafute Afrika, na uangalie imewekwa wapi

Nenda moja kwa moja kwenye sura ya maeneo ya dunia. Mpangilio wake ni ujumbe. Katika waraka wa 2025 Afrika inakuja mwisho, baada ya bara la Amerika, Asia, Ulaya na Mashariki ya Kati, kwa aya chache zinazotaka uhusiano utoke kwenye misaada uende kwenye biashara, uwekezaji, nishati na madini. Waraka wa 2022 uliahidi kitu kingine: kwamba Marekani itajizuia kuutazama ulimwengu wote kwa miwani ya ushindani tu na kwamba itashughulika na kila nchi kwa mahitaji yake yenyewe. Ahadi hiyo inasomeka kama jibu kwa hotuba ya Desemba 2018, ambamo John Bolton, akiwa mshauri wa usalama wa taifa, alizindua mkakati wa Afrika uliojaa lawama dhidi ya China na Urusi, kana kwamba Waafrika wenyewe walikuwa uwanja tu wa mchezo wa wengine.

Mimi huipima ahadi ya namna hiyo kwa reli mbili. Ya kwanza inatoka bandari ya Lobito, Angola, hadi Kolwezi, kusini mwa Kongo, katika nchi ya shaba na kobalti ambako Kiswahili ndicho lugha ya migodini na sokoni. Marekani iliahidi mkopo wa dola milioni 553 kwa reli hiyo kupitia shirika lake la fedha za maendeleo, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, na Biden alifika Lobito Desemba 2024. Reli hiyohiyo upande wa Angola ilikuwa imekarabatiwa na kampuni ya Kichina baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na madini yanayosafiri juu yake hutoka katika migodi ambayo mingi iko mikononi mwa Wachina. Mgodi wa Tenke Fungurume uliuzwa na kampuni ya Kimarekani kwa kampuni ya Kichina mwaka 2016 kwa dola bilioni 2.65, mwaka mmoja baada ya ule waraka uliokaribisha kuinuka kwa China tulivu. Sentensi ya ukarimu iliyoandikwa Washington inaweza kusomwa hadi kwenye hati ya mauzo ya mgodi.

Reli ya pili ni TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Tanzania na Zambia zilipoomba msaada wa kuijenga katika miaka ya 1960, mataifa ya Magharibi na Benki ya Dunia hayakuona faida yake. China iliijenga kati ya 1970 na 1975. Mwaka 2025 kampuni ya Kichina ilisaini makubaliano ya kuifufua kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Methali ya tembo wapiganao na nyasi ziumiazo hunukuliwa mno katika mada hii, nami sidhani kwamba inafaa hapa, maana Nyerere na Kaunda hawakuwa nyasi: walibisha mlango mmoja, ukafungwa, wakaenda kwa mwingine.

Ukiupata waraka ujao, fungua sura ya Afrika, uone kama inataja njia za kusafirishia madini. Kisha fuatilia mambo matatu kwa miezi kumi na minane: tarehe ambayo fedha zilizoahidiwa zimetoka kweli, jina la aliyesaini kwa niaba ya upande wetu, na bandari ambayo shehena ya kwanza ya shaba imepakiwa, kama ni Lobito au Dar es Salaam.